Mwambie Aifungue Kamera Kwanza

Salma mwanangu,

Begi lako la safari ya Mombasa liko mlangoni, na ile zipu iliyokuwa ikikwama nimeishona upya. Habari za kuswali, kula, kutopokea kinywaji cha mtu usiyemjua na kunipigia simu ukifika, hizo nimezisema mpaka leo mchana ukaniambia, "Ma, nimesikia, hata nikiamshwa usingizini nitakusomea kwa moyo." Basi sizirudii. Nina jambo moja tu lililobaki. Na mdomo wangu waujua, hukauka mbele ya watu, hata mbele ya mtoto niliyemzaa mwenyewe. Kwa hiyo naandika, uje usome ukiwa njiani, nami niwe mbali.

Ni habari ya hiyo kamera unayokwenda kuichukua kesho.

Jana ulikuwa umeketi barazani na simu, ukicheka peke yako. Nikakuuliza wacheka nini, ukanionyesha yule kijana wa mtandaoni anayeuza kamera alivyokuandikia: "Usijali dada yangu, mali ni safi, mimi ni mtu wa kwenu." Nikakuuliza, je, umemwomba apige picha kwa hiyo kamera akutumie uione? Ukasema ulimwomba, naye akajibu kwa kukuuliza kama mimi sijambo. Ulipomwomba tena akakutumia picha ya kamera imewekwa juu ya kitambaa chekundu kama bibi harusi, imepigwa kwa simu. Nikasema muulize mara nyingine. Nawe ukanijibu maneno ambayo tangu jana yananikosesha raha: "Ma, nikimuuliza sana ataona simwamini."

Maneno hayo ni yangu, Salma. Hukuyatoa kwa babako. Babako akinunua kuku humuuliza mwenye kuku mpaka jina la jogoo. Umeyatoa kwangu, nami nilidhani nimekurithisha pua tu.

Sasa sikiliza. Ni miaka ya themanini, nami ni mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Nilikuwa nikiishi hapa hapa mtaani Barani, kwa Bibi, mama wa babangu. Wazazi wangu walikuwa shambani Tezo, mimi nikaachwa mjini kwa ajili ya shule. Nilikuwa msichana wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Dukani nilikuwa nasubiri watu wote waondoke ndipo niseme nataka chumvi, na siku moja nilirudi na sukari kwa sababu mwenye duka alinipa sukari nami niliona haya kumwambia amekosea. Tulikula wali wa bila chumvi. Bibi alinitazama tu, akala.

Shuleni tulisomeshwa kwa Kiingereza, na ajabu yake ni kwamba kwa Kiingereza nilikuwa na mdomo. Niliweza kunyoosha mkono nikauliza kwa nini hivi, kwa nini si vile, nisione haya. Labda kwa sababu lugha ile haikujua mimi ni mjukuu wa nani. Nikirudi nyumbani nikavua viatu mlangoni, na mdomo nao niliuvua nikauacha pale pale na viatu.

Kulikuwa na mwalimu wetu wa kike, mtu wa bara, aliyekuwa na mapenzi na picha. Shule ilikuwa na kamera yake, na nyuma ya maabara palikuwa na chumba cha giza cha kusafishia filamu. Alitufundisha wachache. Kamera ilinifaa mimi sana, kwa sababu ukiiweka usoni hakuna anayekutazama, wewe ndiye unayetazama.

Habari zikafika mtaani. Wajua kupamba kwetu: bibi harusi anapotolewa amepambwa, wanawake peke yao wamekaa wanamtazama, mwanamume hakanyagi. Wapiga picha wote wa mjini walikuwa wanaume, basi akina mama walikuwa hawana picha ya siku ile hata moja. Walikuwa na picha ya bwana harusi amekaa na masheikh, basi. Waliposikia mjukuu wa fulani anajua kupiga, wakaja kwa Bibi. Nikapiga harusi ya kwanza kwa kamera ya shule, nikasafisha filamu kwa mkono wangu, mwalimu akiwa kando, isipite mbele ya macho ya mwanamume. Watu walifurahi mpaka nikaogopa.

Halafu ikaja harusi ya Nuru. Nuru alikuwa jirani yetu, mkubwa kwangu kidogo, binti wa pekee wa Mama Nuru, mjane aliyekuwa akioka mikate ya mofa kwenye tanuri na kuiuza pale nyuma. Bwana harusi alikuwa akifanya kazi Uarabuni, na baada ya harusi angeondoka na mkewe. Mama Nuru alikuja mwenyewe uani kwetu, akaniambia, "Mwanangu, mimi huyu naenda kumtoa, sijui nitamwona tena lini. Nifanyie picha niwe nazitazama." Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Lakini harusi iliangukia likizo, na likizo kamera ya shule haitoki.

Bibi akauza bangili yake. Hakunishauri. Alikwenda sokoni na mkono mzito akarudi na mkono mwepesi, akasema, "Tafuta hiyo kamera yako."

Madukani kamera mpya hatukuiweza. Ila nilikuwa nasoma gazeti la Kiingereza alilokuwa akituachia mwalimu, na ndani yake nikaliona tangazo dogo: kamera iliyotumika, hali nzuri kabisa, andika kwa sanduku la posta Kilifi. Nikaandika kwa Kiingereza, nikauliza kama nilivyofundishwa. Imetumika muda gani? Lenzi ina ukungu? Mwendo wa polepole wafanya kazi? Pazia la ndani ni zima? Pazia hilo ni kitambaa cheusi kinachoikinga filamu na mwanga mpaka utakapobonyeza. Ungesema ni barua ya mtu mzima.

Jibu likaja kwa Kiswahili. Salma, ilikuwa barua nzuri ile! Alinisalimu, akawasalimu wazee wangu, akamshukuru Mungu kwa mvua, akasema moyo wake umefurahi kuona wasichana wetu wanashika elimu. Akasema asili yake ni visiwani kama sisi, na alipoona jina la ukoo wangu alihisi ameandikiwa na dada yake. Nilimsomea Bibi, na kila nikifika penye dua aliitikia amina. Akataka nimsomee tena. Maswali yangu yote hakujibu hata moja, wala mimi siku ile sikuliona hilo kwa uzuri wa salamu.

Jana nimeisoma tena barua ile ile, mwanangu, kwenye simu yako.

Akaja mwenyewe, Bwana Athmani, kutoka Mnarani, kanzu safi, mkoba wa ngozi kwapani. Akainama akambusu Bibi mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Wewe wa nani?"

"Mtoto wa Shee, mama. Shee wa Faza."

"Shee yupi? Akina Shee wa Faza ni wengi kama kunguru."

"Aliyekuwa na duka la mafuta ya taa."

"Alikuwa mfupi?"

"Mfupi… ee, kidogo."

"Mwenye hasira?"

Bwana Athmani akafikiri. "Hasira hakukosa."

"Ndiye huyo!" Bibi akajipiga paja. "Alimfukuza mamangu dukani kwake, sisi watoto, tukalia njia nzima. Jamani! Karibu kwenu!"

Basi kwa kufukuzwa kule, Bwana Athmani akawa jamaa yetu. Dele la kahawa likaja, halua ikaja, kaimati zikaja. Mkoba wa ngozi ukawekwa mkekani kati yetu. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na buibui langu, na ndani ya mkono nilikuwa nimeficha filamu mpya ya kuijaribia, tayari. Mwalimu alikuwa amenikaririsha: fungua mgongo wa kamera, ielekeze dirishani, tazama kama mwanga wapenya penye pazia. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikanyoosha mkono, nikaufungua mkoba.

"We!" Bibi akasema. "Mgeni hata kikombe hajakitua, wewe wamfungulia mzigo wake? Wamkagua kama askari wa forodha?"

"Mwache, mama, mtoto ana shauku," Bwana Athmani akasema akicheka. Kisha akanigeukia. "Lakini wallahi, dada, hapo hapana kasoro."

Na mkono wangu ukarudi wenyewe, Salma. Simlaumu Bibi. Hata kama asingesema, ungerudi. Wewe umekulia humu humu, wajua: mtu akishakunywa kahawa kwako, amekwishaulizwa nasaba akaijibu, kumpekua alicholeta ni kumwita mwizi mbele ya watu wa nyumba. Akapewa pesa zake, akaondoka, Bibi akamsindikiza mpaka njiani.

Wakati ule Bibi yuko njiani nikaifungua. Nikaielekeza dirishani. Na pale kwenye kitambaa cheusi, karibu na katikati, nikaona nyota.

Tundu dogo, mwanangu, dogo kuliko ncha ya sindano. Baadaye mwalimu alinieleza kwamba kamera za namna ile ukiziacha juani zikitazama jua, lenzi hulichoma pazia kama vile watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo. Mtu alikuwa ameisahau ufukweni. Nikafunga. Nikafungua tena, labda nimeona vibaya. Nyota ipo.

Hapa ndipo penye jambo ambalo babako hajalisikia, wala Bibi hakulisikia mpaka amekufa. Ningeweza kutoka mbio. Bwana Athmani alikuwa hajafika mwisho wa mtaa, nilimsikia Bibi akimtuma salamu kwa mkewe. Nilisimama na kamera mkononi, nikapanga la kusema, nikaona hakuna namna ya kulisema ambayo haitamvunjia mtu heshima. Bibi akarudi ndani akisema, "Yule mtu ana adabu." Nami nikajibu, "Ndiyo, Bibi."

Kisha nikafanya la kijinga. Nilichukua wanja wa Bibi, nikakichovya kijiti chake kwenye mafuta ya nazi, nikalipaka lile tundu taratibu kama nampaka mtu jicho. Nikaielekeza dirishani. Nyota imezimika. Nilijiona fundi mkubwa. Filamu ya kujaribia sikuitia, nikajiambia naihifadhi kwa siku ya harusi, maana filamu nazo hazikuwa rahisi. Ukweli ni kwamba niliogopa kujaribu, nisije nikajua.

Walimpamba Nuru baada ya alasiri, uani kwao, jua bado kali, pamefungwa turubai upande mmoja. Nilianza na wazee waliokaa mbele, nikapiga sinia za maua, vikuba na asumini, nikapiga wapiga vigoma. Halafu Nuru akatolewa. Sitaki kukueleza alivyokuwa. Mama Nuru alikuwa amesimama nyuma yangu, akinisukuma bega: "Hapo, mwanangu. Na hapo. Piga uso, uso usiusahau." Nikapiga uso. Nilikuwa nimefundishwa kumweka mtu katikati, nikamweka katikati kila mara.

Wanja kavu na mafuta, pazia linakwenda na kurudi, unadhani utakaa? Zile picha za mwanzo zilitoka safi. Wale wazee wote wapo, na meno yao yaliyong'oka. Kuanzia Nuru alipotokea, wanja ulikuwa umekwisha kumeguka. Shule ilipofunguliwa nikaingia chumba cha giza na mwalimu, karatasi ikaanza kujitokeza ndani ya dawa: hina ya mikononi ikaja, weusi wa piko, mkufu, asumini mabegani. Na juu ya shingo, doa jeupe. Picha nyingine, doa pale pale. Nyingine pia. Mwalimu akaniuliza, "Hukuikagua?" Nikasema nilikagua. Akazianika zote.

Nuru alikuwa amekwishaondoka na mumewe.

Sasa nikawa mtu wa kuzunguka njia. Ili nisipite kwa Mama Nuru nilikuwa naenda shule kwa kupitia nyuma ya msikiti, kisha sokoni, nafika nimechoka. Alikuwa akinikuta tu. "Mwanangu, zile picha?" Bado, shangazi, mwalimu anazo. "Mwanangu, bado?" Dawa imekwisha, wameagiza. Alikuwa hanikasirikii. Alikuwa akinipa mkate wa moto nile njiani. Ule mkate, Salma, nilikuwa nafika nao shule bila kuumega.

Nilikwenda mwisho kwa sababu nilichoka, si kwa wema. Nataka ulijue hilo. Nilichoka kuzunguka. Nilimkuta akiwa penye tanuri, nikampa picha zile zimefungwa kwa leso. Akajifuta unga, akaichukua moja.

"Huyu nani?"

"Nuru."

"Nuru ndiye huyu mwenye jua usoni?" Akacheka kidogo, akidhani nimempa iliyoharibika kwa mzaha na nzuri ziko chini yake. Akatazama nyingine. Akaendelea mpaka zikaisha. Akarudi kwenye ile ya kwanza, akapitisha kidole. "Mikono ni yake," akasema. "Pete hii niliivua kwangu." Kisha bila kuniangalia: "Kamera ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa na tundu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kuinunua."

Mkate ulikuwa ukiungua ndani ya tanuri, tunaisikia harufu yake wote wawili. "Yuko mwanamke Mombasa anapiga picha," akasema. "Nilitajiwa. Nikasema aah, namtaka mwanangu wa hapa hapa. Ungeniambia ningemwita. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya kwa nani?"

"Kwa yule bwana. Kwa Bibi."

"Na mimi," akasema, "mimi hukunionea haya?"

Nimeishi na swali hilo miaka mingi. Ninachojua ni kwamba haya yangu nilimpa mtu asiyeistahili, kwa kuwa alikuwa mbele yangu na amevaa kanzu safi, na huyu aliyenipa mkate nikamnyima.

Alitoa mkate ulioungua akawatupia kuku. Akasema, "Kesho twende kwake."

Tukapanda basi mpaka Kilifi, tukavuka kwa feri, wakati ule daraja halijajengwa, tukamuuliza mtu Mnarani tukaonyeshwa nyumba. Njia nzima nilikuwa nikiomba asiwepo. Alikuwepo. Akatupokea kwa furaha, wallahi, furaha ya kweli. "Dada! Karibuni! Bibi hajambo?" Mkewe akaleta kahawa na tende, akaja nazo mbele ya Mama Nuru. Mama Nuru akaitoa kamera kwenye mkoba akaiweka mkekani.

"Kunywa kwanza, mama," Bwana Athmani akasema. "Jua hili na safari hiyo."

"Sinywi."

"Astaghfirullah! Hunywi kahawa kwangu?"

"Nikinywa nitakuwa mgeni wako, na mgeni hana mdomo. Ifungue kwanza. Kahawa baadaye."

Sijawahi kusikia mtu akisema hivyo ndani ya nyumba ya watu. Nilitamani mkeka unimeze. Mke wake alisimama na sinia, hajui aiweke au aiondoe. Bwana Athmani akacheka, akaona hakuna anayecheka naye. Akaichukua kamera, akafungua mgongo wake, akaielekeza uani.

"Waona?" Mama Nuru akamuuliza.

"Naona."

"Ulikuwa hujaliona?"

Akaifunga kamera. Kisha akasema, na mpaka leo naamini alisema kweli, kwamba aliinunua kwa mzungu mmoja mtalii aliyekuwa akirudi kwao. Walikuwa wamezoeana, mzungu akimwita rafiki. Siku ya kuondoka akamkabidhi kamera, wakashikana mikono, naye Bwana Athmani akaona haya kuifungua mbele ya macho ya mzungu. "Nilipofika nyumbani," akasema, "nikaliona."

"Kisha?"

"Kisha nikaandika tangazo."

Mkewe akaiondoa sinia.

"Mama, ningemwambia huyu mtoto, angenunua?" akauliza, kama mtu anayeomba ahurumiwe.

"Hangenunua."

"Basi."

"Basi nini?" Mama Nuru akasema, akainuka. Pesa alituambia hana, atarudisha mwezi ujao, na tangu mwezi ule miezi mingi imekuja ikapita. Akataka tumwachie kamera. Mama Nuru akakataa: "Nikikuachia utaandika tangazo jingine." Akaiweka chini ya buibui lake tukaondoka. Wajukuu wa dada yake waliichezea mpaka ikabaki mifupa.

Tulipokuwa kwenye feri aliniegemea. "Kahawa ile ilikuwa yanukia, mwanangu," akasema. "Kichwa chaniuma kwa kiu." Sikujua nicheke au nilie. Nilidhani watu kama yeye wamezaliwa hawaoni uchungu kusema, kumbe yeye naye aliona haya, akasema vile vile.

Nuru alirudi kwa mara ya kwanza wakati mamake hayuko tena. Aliniuliza picha za harusi yake, nikampa ile ya mikono niliyoachiwa na mamake. Akasema ahsante. Aliitazama kwa muda mrefu, akanirudishia, kama kwamba ni ya mtu mwingine.

Mimi sikushika kamera tena. Watu wanadhani niliacha kwa sababu ya kuolewa, na wewe ulidhani hivyo hivyo, nikakuacha udhani. Ulipokuwa mdogo ukichukua simu ya babako ukaanza kutupiga picha, ukaniambia "Ma, simama hapo katikati," mimi nilikuwa natoka chumbani. Ulifikiri sipendi mchezo wako. Nisamehe kwa hilo. Ulikuwa ukiweka watu mahali pake, kwa jicho zuri kuliko langu, nami sikuwa na nguvu ya kukwambia.

Sasa waenda Mombasa kufanya kazi na yule mama mpiga picha wa harusi za wanawake, na amekwambia uje na kamera yako, na mwisho wa mwezi kuna kupamba tayari. Kuna msichana mahali fulani ambaye hujamjua bado, na mamake atakuwa amesimama nyuma yako akikusukuma bega. Mimi namfikiria huyo mama kuliko pesa zako. Pesa zitaumiza, kisha utazisahau.

Kamera za siku hizi sizijui. Sijui zinaoza wapi. Hilo wewe walijua, umesoma, umeniambia habari za vioo na vumbi na idadi ya mara zilizobonyezwa mpaka nikasinzia. Kukagua wajua. Ninachoogopa ni kwamba utakuwa wajua, na utakuwa umesimama mbele yake, na mkono utarudi wenyewe.

Wala usidhani mimi nimepona. Jokofu letu linavyonguruma walisikia kila siku. Nalo nililinunua kwa mtu aliyeniita mama. Nilipokuwa nalitazama nilisikia ule mngurumo, nikamuuliza, akasema ni sauti ya nguvu. Nikasema aha. Ila cherehani nilinunua vizuri, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihama. Yeye ndiye aliyenikalisha akaniambia shona, na akanionyesha mahali uzi unapokatika kabla sijauliza. Hakuniuliza hali ya mtu yeyote. Nikatoka pale nikidhani hanipendi.

Basi kesho atakapokutoa pembeni na kukuita dada, na kukununulia soda, na nakwambia atakununulia, iweke chini usiinywe. Mwambie, "Kaka, mimi nakuamini, lakini mamangu mkorofi. Amenikataza kulipa kabla sijaifungua, nikapiga picha juani na kivulini, nikazitazama zote. Usipokubali amesema nirudi." Nitie mimi mbele. Sema ni mzee wa kizamani, ana dhana mbaya, anaona wezi mpaka msikitini. Akitaka nambari yangu anipigie anitukane, mpe. Nitapokea. Pengine sauti haitatoka, wajua ninavyokuwa, lakini nitaishika simu sikioni na sitaikata mpaka aikate yeye. Na akikasirika akaondoka na kamera yake, nenda kazini bila kamera, umwambie yule mama kwamba huna. Hiyo ni haya ya siku moja. Utaiweza.

Maisha yangu yote watu wa mtaa huu wamenisifu kwa upole, Salma, na kila wakinisifu namkumbuka Mama Nuru akiuliza lile swali lake. Hakuna aliyewahi kuniita mkorofi. Kesho ningependa mtu mmoja aniite.

Mamako